Nyoka wako, dawa ya nani?

Msomaji wetu mmoja wa Bumbwini, Unguja, ameniandikia. Barua ni ndefu, nimeifupisha:

"Ami, assalaam alaykum. Nafuga nyoka tangu nina miaka kumi na tisa. Sasa ninao watatu: fira mmoja, na wale wa kijani wawili, dume na jike, ambao Wazungu huwaita mamba. Wote nimewakamata mwenyewe kwenye miembe ya hapa kwetu. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye bustani moja ya nyoka kuomba ushauri, maana yule jike hataki panya wala kifaranga, anakula kinyonga tu. Mkubwa wa pale alinifokea mbele ya wageni, akasema mimi ni hatari kwa kijiji kizima na atanipeleka polisi. Lakini nyoka wao wengi wameletwa na vijana kama mimi! Je, wana haki ya kunifanyia vile, au wanalinda biashara yao ya watalii? Nakutumia picha tatu uwaone."

Wa alaykumu s-salaam, mwanangu. Swali lako nitalijibu lote, lakini kwanza picha, kwa sababu ile ya tatu imenikosesha usingizi.

Nyoka wa picha ya pili ni yuleyule unayemsema. Kichwa chembamba, kirefu, jicho dogo, magamba laini yanayong'aa kama jani la mwembe lililonyeshewa. Wa picha ya tatu siye. Mtazame jicho: ni kubwa kupita kiasi kwa kichwa kile, na kichwa chenyewe ni kifupi, kimeviringana kama yai. Kisha mtazame ubavuni. Kila gamba lina mgongo katikati, mwili mzima umekwaruza kama mkeka wa ukindu. Huyo Makaburu wa Afrika Kusini humwita boomslang, maana yake nyoka wa mti. Kwetu watu humchanganya na kila nyoka wa kijani, kuanzia ukukwi asiye na madhara hadi huyo mamba, ndiyo maana hata wewe mwenye miaka yako ya kufuga umepotea. Na ndiyo maana hataki panya. Chakula akipendacho ni kinyonga, na ndege na makinda yao. Hao uliowaweka pamoja si dume na jike. Ni nyoka wa aina mbili, wenye sumu mbili zisizofanana hata kidogo.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Dawa ya sumu ya nyoka inayotegemewa zaidi upande wetu wa Afrika hutengenezwa Afrika Kusini, na ile ya mchanganyiko inafanya kazi kwa fira na kwa mamba wote. Kwa boomslang haifanyi kazi. Huyo ana dawa ya peke yake, hutengenezwa kidogo kidogo, na kuipata hata huko kwao kuna kazi. Sumu ya mamba inashika mishipa ya fahamu na mtu anajua mapema kwamba ameumwa. Ya boomslang inaharibu damu isigande, na inakuja polepole. Mtu huumwa asubuhi, akala chakula cha mchana, akaswali alasiri, akawaambia watu wa nyumbani kwamba yule nyoka hakuwa na lolote. Usiku fizi zinaanza kutoka damu. Daktari anayejua atamtoa damu kidogo, ataitia kwenye kichupa kikavu cha kioo, ataisimamisha bila kuitikisa dakika 20, kisha atakiinamisha. Damu ikimiminika kama maji, hapo ndipo shida inapojulikana.

Kuna mtaalamu mkubwa wa nyoka wa Marekani, Karl P. Schmidt, wa jumba la makumbusho la Field, Chicago. Septemba 1957 bustani ya wanyama ya Lincoln Park ya mji huohuo ilimpelekea nyoka mdogo kutoka Afrika ili awaambie ni wa aina gani. Alidhani ni boomslang, lakini gamba moja la chini karibu na mkia halikuwa kama alivyozoea kuliona, akasita. Katika kumshika, nyoka akamgonga kidole gumba. Jino moja tu ndilo lililoingia sawasawa. Schmidt alikwenda nyumbani akaanza kuandika anavyojisikia, saa kwa saa, kama anavyoandika kazi zake siku zote. Kesho yake alikufa. Mtu aliyetumia maisha yake yote kwa viumbe hivi, katika mji wenye hospitali za kila namna, na dawa pekee ilikuwa upande wa pili wa dunia.

Nimekutajia Schmidt kwanza kwa makusudi, kwa sababu hakuwa mfugaji wa uani. Alikuwa mtu wa taasisi, na nyoka alitoka kwenye bustani. Anayekwambia kwamba nyoka wa sumu ni hatari mikononi mwako na ni salama mikononi mwake hasemi kweli yote. Lakini nikutajie na wa pili. Robert Mertens, Mjerumani wa Frankfurt, mmoja wa mabingwa wa fani hii, alikuwa na nyoka wa Afrika aliyefanana na kijiti kikavu, amemfuga mwenyewe. Mwaka 1975 alimgonga wakati anamlisha. Kwa nyoka yule hakuna dawa kabisa, mpaka leo. Mzee alichukua siku 18 kufa, na naye aliandika.

Sasa huo ugomvi wenyewe.

Umesema nyoka wao wameletwa na vijana kama wewe. Ni kweli, na ni kweli dunia nzima. Raymond Ditmars, aliyepewa sehemu ya nyoka katika bustani ya Bronx, New York, mwaka 1899, alianza kwa kufuga nyoka wa sumu nyumbani kwa wazazi wake. Huku kwetu Afrika Mashariki alikuwepo Ionides, bwana nyama wa Liwale, aliyefariki 1968. Yule alikamata mamba na bafe kwa maelfu, na bustani na maabara za nchi za nje zilipata nyoka kutoka mikononi mwake. James Ashe aliyekuwa akiongoza bustani ya nyoka ya Nairobi, iliyofunguliwa 1961, baadaye alikwenda Watamu na mkewe, wakaanzisha shamba lao la nyoka mwaka 1980, na shamba hilo limeokoa maisha ya watu wengi wa pwani ya Kenya kwa kuwapa dawa bure. Meserani, kule Arusha, kuna bustani ya nyoka iliyoanzishwa na familia, na ubavuni pake kuna zahanati inayotibu waliogongwa. Ukifuatilia mizizi ya karibu kila bustani utamkuta mtu mmoja aliyependa nyoka wakati majirani zake wanamwona amechanganyikiwa. Basi mkubwa wa bustani anayemfokea kijana wa Bumbwini anausahau ujana wake mwenyewe.

Nami nina langu la kukiri. Mimi ni daktari wa wanyama, na kwa miaka saba nilihudumia bustani moja ndogo ya nyoka ambayo siku hizi haipo tena. Tulikuwa tunanunua. Kijana anashuka kwenye daladala na kiroba cha unga kimefungwa kamba, ndani fira anapumua, abiria wenzake hawana habari. Tunampa pesa, tunamwambia ahsante. Wiki ijayo wanakuja watatu. Mwezi ujao mmoja wao amevimba mkono, na sisi tunasema vijana wa siku hizi hawasikii. Tulilifanya wenyewe lile. Ukitoa bei kwa nyoka umempa kila mwenye njaa sababu ya kutia mkono shimoni. Nilisema mara moja, nikaambiwa wageni wanataka kuona nyoka wapya. Kwa hiyo ndiyo, mwanangu, biashara ipo, na inapofusha.

Lakini sikiliza na upande wa pili, kwa sababu niliuona kwa macho yangu.

Usiku mmoja wa Ramadhani, watu wametoka tarawehe, teksi ilisimama mlangoni pa bustani. Ndani alilala mfugaji, mtu mzima, nilimjua kwa sura. Fira wake alimgonga kidoleni akimbadilishia maji. Kope zilikuwa zimeanza kulegea, anataka kusema na ulimi umekuwa mzito. Walikuwa wametoka hospitali, dawa hakuna, na daktari aliwaambia wakajaribu kwenye bustani ya nyoka. Tulikuwa na vichupa sita. Mtu mmoja aliyegongwa vibaya na fira anaweza kumaliza kumi na bado akahitaji vingine. Vyote sita tukavitoa, mimi mwenyewe nikavibeba magotini ndani ya teksi ile, nikirudi nao hospitali. Alipona, alhamdulillahi, baada ya kusaidiwa kupumua siku mbili.

Asubuhi yake nikarudi kazini. Kijana wetu aliyekuwa akifagia matundu, baba wa watoto wawili, alinisubiri karibu na friji. Mlango wa friji ulikuwa wazi na rafu tupu. Akaniuliza, "Daktari, mimi nikigongwa leo?"

Kwa wiki tano, mpaka mzigo mwingine ulipofika, hatukufungua tundu hata moja la fira. Maji tuliwamiminia kwa mpira kupitia wavu. Uchafu ulikaa. Yule mfugaji wakati huo ameshatoka hospitali, na nyoka wake bado anaye.

Mwenye bustani anapokuona wewe na nyoka wako watatu, anaona friji ile. Ukigongwa, dawa utakayoitafuta ni ya mfanyakazi wake. Hatokunyima, na hana haki ya kukunyima. Lakini wewe hukuchangia hata senti, hukumwambia kama una nyoka, na huenda hata aina uliyonayo huijui, kama picha ya tatu inavyoonyesha. Hasira yake inatoka hapo, ingawa njia aliyoitumia, ya kukutahayarisha mbele za watu, ilikuwa mbaya.

Wala si huku tu. Marekani bustani kubwa za wanyama zinatakiwa ziwe na dawa ya kila nyoka wa sumu wanayemfuga, na zinaiagiza kutoka nje kwa gharama kubwa na karatasi nyingi. Mfugaji wa nyumbani akigongwa, hospitali inapiga simu bustani. Machi 2021, kijana mmoja wa Raleigh, jimbo la North Carolina, aligongwa na mamba wa kijani wake, ndugu wa yule wa picha yako ya pili. Dawa iliyomwokoa ilitoka bustani ya Riverbanks, jimbo jirani la South Carolina. Miezi mitatu baadaye ikajulikana kwamba fira wake alikuwa ametoroka na anazurura mitaani, mji mzima ukashikwa na hofu siku mbili mpaka akakamatwa. Dawa aliyotumia ilikuwa ya maelfu ya dola. Ifikirie hesabu hiyo kwa pesa zetu, kisha fikiria mwenye bustani ndogo ya kiingilio cha watalii wachache kwa siku.

Na hapa kwetu tuna bahari. Ukigongwa Bara, gari linaweza kwenda mji wa pili. Ukigongwa Unguja usiku, boti imeshalala. Dawa yenyewe ya Afrika Kusini ni ya maji, inataka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, isigande wala isipate joto. Wewe ulikuwa mdogo mwaka 2009, lakini muulize mzazi wako. Desemba ile umeme wa Unguja ulikatika, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu nilikuwa natafuta barafu ya wavuvi kila asubuhi, navifunga vichupa kwa gazeti ili visigusane na barafu, natia kipimajoto ndani ya kasha na kukichungulia kama mtu anayechungulia mkate tanuuni. Usiku naamka mara mbili. Kufuga nyoka wa sumu ni kazi ya namna hiyo. Kumtazama akijivua gamba ni sehemu ndogo tu.

Dawa zenyewe pia huadimika. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza Fav-Afrique, iliyokuwa ikisifiwa sana barani kwetu, na vichupa vya mwisho muda wake uliisha Juni 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaiweka sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa. Wanaokufa duniani kwa mwaka wanakadiriwa kati ya 81,000 na 138,000, wengi wao wakulima na watoto wao. Kichupa kinachotumika kwa mtu aliyemfungia nyoka uani kwa mapenzi yake kinaweza kuwa kilekile ambacho mchuma karafuu angekihitaji kesho.

Je, wana haki ya kukupeleka polisi? Wanyamapori si jambo la Muungano, kwa hiyo ile sheria ya Bara ya mwaka 2009 usiitafute. Huku inatumika Sheria ya Misitu namba 10 ya mwaka 1996, na wa kumuendea ni Idara ya Misitu. Nenda wewe mwenyewe kabla hajakupeleka mtu. Anayekwenda kwa miguu yake kusema "nina nyoka watatu, naomba kuelekezwa" hupokewa tofauti na anayeletwa.

Mimi siungi mkono kuwapiga marufuku wafugaji wote. Nimeona wanavyojificha wakipigwa marufuku, na mtu anayejificha haendi hospitali mapema. Uingereza, tangu sheria yao ya 1976, mwenye nyoka wa sumu anaomba kibali halmashauri, daktari wa wanyama anakuja kukagua, na lazima awe na bima. Florida wanataka mtu awe amefanya kazi na nyoka wa sumu saa 1,000 chini ya mwenye ujuzi ndipo apewe leseni. Hizo saa 1,000 ndizo ningependa tuwe nazo Zanzibar. Na mahali pa kuzipata ni bustanini, kwa hiyo bustani ingelazimika kukufungulia mlango wa nyuma badala ya kukufokea kwenye mlango wa mbele.

Nikushauri basi kama mwanangu wa kumzaa.

Boomslang hawezi kukaa kwako, hata wiki moja zaidi. Dawa yake huna, mimi sina, bustani haina. Watu wa Idara wamchukue, wamwachie kwenye miti ya upande huohuo uliomkamatia, asipelekwe mbali. Na nakuomba sana, usimpe wala kumuuzia mtu wa Pemba. Nalisema hili kwa sababu nimewahi kuona kasha likipakiwa bandarini. Unguja iliwahi kuungana na Bara zamani za zamani, bahari ilipokuwa chini, ndiyo maana tuna wanyama wengi wa kule. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina kirefu, ina viumbe wake ambao hawapo popote pengine duniani, yule mjusi wa kijani wa migombani mmojawapo. Nyoka mgeni anayekula mijusi na makinda ya ndege hana kazi kule.

Mamba na fira ni maamuzi yako na Idara. Wakikukubalia, tundu liwe na milango miwili na kufuli, ndani ya chumba kisicho na upenyo chini ya mlango, na usilifungue ukiwa peke yako hata siku moja. Kigoe cha chuma kiwe kirefu kuliko mkono wako mara mbili. Ukutani pabandikwe karatasi yenye jina la kila nyoka na dawa yake, kwa herufi kubwa ambazo mama yako anaweza kuzisoma usiku akiwa na hofu, kwa sababu wa kuzisoma atakuwa yeye. Akigongwa mtu: alale, asitembee, kiungo kisitingishike, pete na saa zivuliwe, gari iitwe. Hakuna kuchanja, hakuna jiwe la nyoka, hakuna kufunga kamba ya kukata damu.

Halafu rudi bustanini. Siku isiyo ya wageni wengi, uvae kanzu safi, umwombe mkubwa dakika kumi. Mpe orodha ya nyoka wako. Mwambie utachangia vichupa, hata viwili kwa mwaka, vikae kwenye friji yake kwa jina la wote. Akikataa kukusikiliza niandikie, nitakwenda naye kuzungumza mwenyewe, kwa kuwa hapo kosa litakuwa lake.

Kuhusu panya uliyemtilia huyo wa picha ya tatu, naona amekaa pembeni nyuma ya gogo, na umeniuliza kama umtoe. Meno ya sumu ya boomslang yako nyuma, karibu chini ya jicho, na watu hudhani kwa hivyo hawezi kumgonga mtu. Anaweza kufungua mdomo mpana kuliko unavyofikiri. Panya mwache humo, hata akifa na kunuka. Tia kufuli, mhamishe yule mwingine tu ikiwa ameshajitenga upande wake, na wapigie Idara leo kabla ya magharibi.